Jicho jekundu, jicho lenye ukungu, jicho lisilouma: pa kuanzia kabla hujatia dawa

Mama aliyekaa mbele yangu alikuja na chupa tatu za dawa ndani ya mkoba wa ukili. Ya kwanza kapewa na jirani. Ya pili ilibaki tangu mwanawe alipougua macho mwaka juzi. Ya tatu kainunua dukani Chake Chake bila ya cheti. Jicho lake la kulia lilikuwa jekundu kama basibasi mbichi.

"Mama, linauma au linawasha?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza upuuzi. "Linauma, mwanangu. Silali."

"Na kuona je? Hebu liziba hilo zima kwa kiganja."

Akaliziba, akanyamaza. "Naona moshi."

Kwa siku kumi na moja watu wa nyumba yake walikuwa wakitibu wekundu. Hakuna aliyemuuliza habari ya moshi.

Nimekaa Pemba miaka mingi nikichungulia macho ya watu kwa taa, na kama nina neno moja la kusema ni hili: rangi ya jicho haikwambii mengi. Jicho jekundu sana laweza kupona lenyewe kwa wiki moja, na jicho jeupe kama la mwari laweza kuwa linakufa. Kwa hiyo, kabla ya kutia chochote, uliza mambo mawili. Je, linauma kweli, maumivu ya ndani ya kukunyima usingizi, si kuwasha wala kuchonyota tu? Na je, kuona kumepungua?

La pili usilijibu kwa kukisia. Kaa barazani, chagua kitu cha mbali, tuseme kuti la mnazi ng'ambo ya njia, uliangalie kwa jicho moja huku jengine umeliziba kwa kiganja bila ya kulibinya, kisha ubadilishe. Si mara moja wala mbili nimempokea mtu aliyegundua kuwa jicho lake moja halioni siku alipoingiwa na vumbi kwenye lile zima. Hajui lilipotea mwaka gani.

Maumivu makali, kuona kupungua, kushindwa kabisa kutazama mwanga, doa jeupe juu ya kioo cha jicho (utando angavu ulio mbele ya mboni), jeraha, au mtoto mchanga mwenye usaha: haya ni ya spitali leo, si kesho. Yaliyobaki tuyapitie.

Jekundu, lina matongo, lakini linaona vizuri

Jicho moja laanza, la pili lafuata baada ya siku mbili tatu. Machozi mengi, kope zimevimba, unahisi kama mchanga umo ndani, na nyumbani wako wawili wengine wenye hali hiyo hiyo. Hivi ni virusi, mara nyingi adenovirasi. Mwanzoni mwa 2024 wimbi la macho mekundu ya namna hii lilipita Dar es Salaam na kupanda mwambao hadi Mombasa, na kila mtu akawa daktari wa mwenziwe.

Hakuna tone linaloviua virusi hivi. Huondoka vyenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya baridi kinatuliza, panado inasaidia. Kazi kubwa ni kuwakinga wengine: taulo lako peke yako, mto wako peke yako, usifute jicho la mtoto kwa ncha ya kanga uliyojifutia wewe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto asiende skuli wala chuoni maadamu macho yanachuruzika. Baada ya siku kumi, ukiona ukungu au mwanga unaanza kuumiza, nenda ukaangaliwe, kwani virusi hivi wakati mwengine huacha madoa kwenye kioo.

Matongo yakiwa mazito, ya manjano, na asubuhi kope zimegandana hata huzifungui mpaka uzioshe, hapo ni bakteria. Safisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya puani kwenda nje, kila jicho pamba yake. Matone ya kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaiklini ya macho humaliza kazi kwa siku tano hadi saba. Siku mbili tatu zikipita bila ya nafuu yoyote, usiongeze chupa ya pili. Pengine tatizo umelikosea jina.

Mtoto aliyezaliwa karibuni ni mlango mwengine kabisa. Usaha kwenye macho ya mtoto wa chini ya siku 28, hasa unaobubujika na kope zikavimba, waweza kuwa kisonono alichokipata njiani wakati wa kuzaliwa, na kisonono hutoboa kioo cha jicho kwa siku chache tu. Anahitaji sindano pamoja na kuoshwa macho mara kwa mara, na mama na baba nao watibiwe. Hapa ndipo ninapoyasikia maziwa ya mama yakitiwa jichoni. Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto, yaende mdomoni.

Na kama neno kubwa ni kuwasha? Mtoto wa skuli, macho yote mawili, anayafikicha mchana kutwa, weupe umegeuka rangi ya udongo, matongo yanavutika kama nyuzi: huu ni mzio. Watoto wetu wanao sana, na wazazi wanadhani mtoto hanawi uso. Maji ya baridi, kuacha kufikicha (rahisi kusema), na matone ya mzio kama kromoglikati ambayo yanataka wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Kufikicha kwa miaka hukiharibu kioo kikachongoka kwa mbele, na hapo miwani ya kawaida haitoshi tena.

Jekundu, linauma, halipendi mwanga

Turudi kwa yule mama. Alikuwa akivuna mpunga bondeni, jani likamkwangua. Kitu kidogo. Lakini majani na udongo vina kuvu, na kuvu likipenya kwenye mkwaruzo wa kioo hutengeneza kidonda kinachokwenda polepole, siku baada ya siku, kikavu, chenye kingo kama unyoya. Wachumaji wa karafuu nao hupigwa na tawi wakiwa juu ya mkarafuu, wakashuka wakaosha uso wakaendelea. Mkwaruzo wa kawaida hufunga kwa siku moja au mbili. Usipofunga, na maumivu yakazidi badala ya kupungua, kidonda kimeingia.

Chupa ile ya tatu, ya dukani, ilikuwa na steroidi. Hapa nitakaa kidogo, maana naona macho mengi yakipotea kwa chupa hii kuliko kwa ugonjwa wenyewe. Soma kibandiko: deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni. Mara nyingi zimechanganywa na antibaiotiki ndani ya chupa moja, na muuzaji anakwambia ni dawa ya macho mekundu. Hasemi uongo, wekundu unaondoka kweli. Steroidi huzima wekundu na maumivu hata pale ugonjwa unapoendelea, na inawanyima askari wa mwili silaha zao. Kuvu likikuta steroidi hunawiri. Virusi vya hapesi vikikuta steroidi, kidonda chenye umbo la tawi la mti hutanuka kama ramani. Na mtu anayeitia miezi kwa mwasho wa kawaida huweza kuishia na presha ya macho au mtoto wa jicho akiwa bado kijana.

Ila dawa hiyo hiyo ndiyo inayookoa jicho lenye uvimbe wa ndani, uveitisi. Jicho linauma, mwanga ni adhabu, wekundu umezunguka mboni, mboni imekuwa ndogo au haina umbo zuri, na hakuna matongo. Bila ya steroidi na atropini ya kuifungua mboni, nyama za ndani hugandana. Kwa macho ya jirani, na hata ya mfamasia, vitu hivi viwili vinafanana. Vinatenganishwa na taa ya kuchungulia na tone la rangi ya manjano ambalo chini ya mwanga wa buluu huonyesha kidonda kikimeremeta kijani. Dakika tano tu.

Kidonda cha bakteria hutibiwa kwa antibaiotiki kali kila saa, usiku na mchana, siku za mwanzo. Cha kuvu hutaka natamaisini, kwa wiki nyingi, na subira. Mama yetu alipona maumivu. Kovu jeupe limebaki katikati, na kwa jicho hilo anaona mkono ukipita.

Kuna la tatu katika fungu hili, na hili huja usiku: jicho moja linauma pamoja na kichwa upande huo, taa zina upinde wa rangi pembeni, mboni imetanuka haicheki na mwanga, na mgonjwa anatapika. Wengi hupelekwa kama homa ya tumbo au kipandauso. Ni presha ya macho iliyopanda ghafla kwa kuziba njia ya maji ya ndani. Inahesabiwa kwa saa.

Kimeingia kitu

Chokaa ndiyo naiogopa kuliko zote, na nyumba zetu zinajengwa kwa chokaa. Chokaa, saruji mbichi, magadi makali ya kuzibua mitaro: hivi ni alkali, huyeyusha nyama za jicho na kuzidi kuzama ndani hata baada ya maumivu kupungua. Usikimbilie gari kwanza. Mimina maji safi jichoni palepale, mengi, kwa dakika 30 bila ya kukatisha, kope zimeshikwa wazi, chembe zilizojificha chini ya kope ya juu zitolewe. Halafu ndiyo spitali, na njiani kama mna maji endeleeni kumimina. Utomvu wa mnyaa, ule wa kwenye nyua, nao ni hivyo hivyo: osha kwanza, maswali baadaye.

Kibanzi cha chuma kwa fundi wa kuchomelea au kusaga chuma kisitolewe kwa ncha ya kiberiti wala kwa ulimi wa mtu. Na kama kitu kimelipasua jicho, maji yanavuja au mboni imekuwa na umbo la tone, usioshe, usitie dawa, usibinye. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, mgonjwa aende.

Haliumi, ila lina kitu juu yake

Umeamka, upande mmoja wa weupe umejaa damu nyekundu tupu, unaona vizuri, hauumwi. Mshipa mdogo umepasuka kwa kukohoa, kutapika au kunyanyua mzigo. Damu itanyonywa kwa wiki mbili hivi bila ya dawa. Pima presha ya damu, basi.

Kijipu kwenye ukope ni chokea. Kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi, mara nne kwa siku, na usikiminye. Kisipoondoka kikawa kifundo kigumu kisichouma, hupasuliwa kwa ndani ya ukope.

Nyama ya jicho ina hadithi ndefu zaidi. Inaanza pembe ya puani, yenye umbo la bawa, ikitambaa polepole kuelekea kwenye mboni. Jua, upepo, vumbi na chumvi ndivyo vinavyoilea. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wasichana walioshuka nao ufukweni Paje, Jambiani na pwani za Pemba sasa ni mabibi, wameinama juu ya maji meupe kila bamvua, jua likiwapiga kutoka juu na kutoka chini. Kofia haizuii linalotoka chini. Miwani ya jua yenye kinga ya mionzi ndiyo inayozuia, na kwa mkulima wa mwani au mvuvi miwani hiyo si urembo.

Nyama ndogo isiyosumbua iache. Matone ya kulainisha hupunguza kuchonyota. Ikikaribia mboni au ikianza kupindisha kuona, hukatwa. Muulize daktari kama atapandikiza ngozi nyembamba ya jicho lako mwenyewe pale alipokata, maana nyama iliyokatwa tu bila ya kufunikwa hurudi mara nyingi, na inaporudi huwa na hasira zaidi, hasa kwa kijana anayerudi juani.

Tahadhari moja. Nyama inayokua haraka kwa miezi, yenye uso mweupe kama magamba au mishipa minene, hasa kwa mtu mwenye maambukizi ya VVU, yaweza kuwa saratani ya juu ya jicho. Hii Afrika Mashariki tunayo. Ikatwe yote na ipelekwe maabara, na mgonjwa asiambiwe tu kuwa "ni jua".

Ukungu unaokuja polepole

Chukua karatasi ngumu, itoboe kwa sindano, uchungulie kwa kitundu hicho. Kama unachokitazama kimekuwa wazi zaidi, tatizo lako kwa sehemu kubwa ni la miwani. Kama hakijabadilika au kimezidi giza, kuna jambo ndani ya jicho. Kipimo hiki hakigharimu kitu na hata sisi kazini tunakitumia.

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kuona kwa karibu kunapotea. Mzee anausogeza msahafu mbali mpaka mkono unamwishia. Mshonaji wa kofia anampa mjukuu uzi amtungie, halafu anaanza kushona viua vikubwa vikubwa, halafu anaacha, akisema kachoka. Hajachoka. Ni miwani ya kusomea tu, ya kujumlisha moja hadi tatu na ushei, na mtu anarudi kwenye kazi yake siku hiyo hiyo. Naona uchungu kwa kila fundi aliyeacha kofia kwa sababu hii, kwani hakuna ugonjwa wenye dawa rahisi kama huu. Lakini jicho lipimwe pia, miwani ya mkononi sokoni haitakwambia kuwa una presha ya macho.

Sasa mzee wa miaka 65 anafurahi: miwani ya kusomea haihitaji tena, anasoma bila ya kitu, watu wanasema Mungu kamrudishia ujana. Samahani, huyo mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza. Lenzi inapokomaa katikati hubadilisha nguvu yake na kumpa mtu karibu kwa muda, huku mbali kunazidi ukungu. Ishara nyengine ni kutiwa kiwi na jua la mchana au taa za gari, rangi kufifia, na miwani kubadilishwa kila mwaka bila ya faida.

Mtoto wa jicho hatolewi kwa tone, asali, majani wala dua peke yake. Anatolewa kwa upasuaji: ganzi ya jicho, tundu dogo, lenzi iliyochafuka inatoka, lenzi ya bandia inaingia, mara nyingi chini ya nusu saa, na bandeji hufunguliwa kesho yake. Wazee bado wanaambiana kwamba asubiri "aive". Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi, akianza kukuzuia shughuli zako muda umefika, na akiachwa aive kupita kiasi anaweza kuvuja na kuleta presha ndani ya jicho.

Baada ya upasuaji wanaume kwa wanawake wananiuliza kuhusu sala. Maji ya udhu yasiingie jichoni siku za mwanzo na kuinama kusiwe kwa nguvu, kwa hiyo muulize daktari ni siku ngapi, na umuulize sheikh wako namna ya kutawadha na kusali kwa kukaa. Ruhusa ipo kwa mgonjwa. Jicho likianza kuuma, wekundu ukaongezeka au kuona kukarudi nyuma baada ya kuwa kuzuri, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa jioni.

Na anayelalamika baada ya mwaka au miwili kwamba "mtoto kazaliwa tena": hazaliwi tena. Kifuko kilichoshika lenzi ya bandia kimepata utando. Hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, bila ya kisu.

Haliumi, si jekundu, na bado linapotea

Presha ya macho, glaukoma, imepewa jina linalowapoteza watu. Mgonjwa ananijibu, "Presha yangu nzuri, wamenipima mkononi." Hiyo ni ya damu. Hii ni ya maji yaliyomo ndani ya jicho, kwa kawaida kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Maji yakishindwa kutoka sawasawa, neva inayopeleka picha kwenye ubongo hubanwa ikafa nyuzi kwa nyuzi, kuanzia pembeni. Mtu anaanza kugonga milango, anakanyaga kuku, anashtuka mtu akitokea ubavuni. Katikati bado anasoma vizuri kabisa. Siku katikati nako kunapozima, hakuna cha kurudisha.

Sisi watu weusi tunaipata zaidi na mapema zaidi. Ukiwa na ndugu wa tumbo moja anayo, wewe ndiye wa kwanza kupimwa, na usingoje dalili. Kipimo ni presha ya jicho pamoja na kuchunguliwa kichwa cha neva. Namba peke yake haitoshi, kwani wapo wenye namba nzuri na neva mbovu.

Matibabu hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki. Timololi ni ya bei nafuu na inapatikana, lakini mwenye pumu asiitie kabla ya kusema, inaweza kumbana kifua. Latanoprosti hutiwa mara moja usiku. Matatizo ya matone ni mawili: ni ya maisha yote, na mgonjwa haoni tofauti akiyatia wala akiyaacha, kwa hiyo anayaacha. Ndiyo maana napenda kuwaambia watu habari za kutoka mji wa Moshi. Katika hospitali ya KCMC walilinganisha leza na matone ya timololi kwa wagonjwa 201, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na timololi kwa asilimia 31. Leza hiyo haifuti ugonjwa na huenda ikarudiwa, ila haisahauliki nyumbani kama chupa. Kwa presha isiyoshuka kuna upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji.

Kisukari ni ndugu yake kwa ukimya. Huharibu mishipa midogo ya retina, pazia la nyuma ya jicho, miaka kabla mtu hajaona ukungu. Mwenye sukari apimwe retina kila mwaka, kwa mboni kufunguliwa kwa dawa. Siku hiyo hutasoma karibu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, basi njoo na mtu na miwani ya jua. Kikionekana mapema kuna leza na sindano za ndani ya jicho. Kikichelewa, damu hujaa ndani.

Limezima ghafla

Hapa sina maneno mengi. Vimulimuli kama radi, madoa meusi mengi yanayoelea, kisha pazia linashuka upande mmoja: retina inabanduka. Jicho lililozima mara moja bila ya maumivu: mshipa umeziba, au damu imemwagika ndani. Jicho pamoja na mdomo kupinda au mkono kulegea: kiharusi. Yote ni ya saa ile ile. Upasuaji wa retina utakuvusha bahari, hospitali za Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam au KCMC ya Moshi, kwa hiyo rufaa iandikwe mapema, na usiache siku zipite ukingoja nauli ya msimu wa karafuu.

Mtoto haelezi

Tazama picha za mtoto zilizopigwa kwa mwanga wa simu. Mboni moja nyekundu au nyeusi na nyengine nyeupe kama jicho la paka gizani, ukiiona zaidi ya mara moja, mpeleke wiki hiyo. Yaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, yaweza kuwa saratani ya retina ambayo hushika zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Saratani hiyo ikiwahiwa mtoto huishi, na mara nyengine na jicho lake. Ikichelewa jicho huvimba kutoka nje.

Ukipenda, chongo huita kengeza, na wazazi wanapenda. Kengeza la kila wakati baada ya miezi minne au sita si la kungoja likue likaondoka. Jicho lisilotumika, ubongo huacha kulisikiliza, na baada ya miaka saba au minane kulifundisha upya ni kazi ngumu. Miwani na kuziba lile zima kwa saa maalumu huanza mapema, na chini ya kengeza huenda kuna ugonjwa.

Mtoto anayejikwaa ifikapo magharibi wakati wenziwe wanaona huenda ana upungufu wa vitamini A, na akipata surua katika hali hiyo kioo chaweza kuyeyuka. Matembele, mchicha, papai, embe bivu, maini, na matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Msimfungie mtoto ndani siku wanapopita shehiani.

Wanja nao. Najua bibi atanuna. Wanja wa kiasili mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na risasi huingia mwilini mwa mtoto. Mpambeni kwa kofia.

Kutia tone

Osha mikono. Vuta ukope wa chini uwe kama mfuko, tone moja, fumba bila ya kukaza, kisha bonyeza pembe ya puani kwa kidole dakika mbili. Hivyo dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni. Matone mawili tofauti yapishane dakika tano. Mafuta yatiwe mwisho.

Ramadhani wagonjwa wa presha ya macho huacha dawa mwezi mzima, wakaja Shawali na namba za kutisha. Sisi wengi ni Shafi, na wanazuoni wa madhehebu hayo wanasema jicho si tundu lililo wazi la kufikisha kitu ndani, hivyo tone halibatilishi funga hata ukisikia uchungu wake. Mwenye shaka ahamishie dawa alfajiri na baada ya futari, ila asiache.

Chupa ikishafunguliwa, nyingi huhesabiwa wiki nne, ziwe zimekwisha au hazijaisha. Andika tarehe juu yake kwa kalamu. Na ukija kwetu, njoo na zote ulizotumia, za jirani, za duka, tupu, na hata yale majani uliyochemsha. Sitakugombeza. Nataka tu kujua jicho limeonjeshwa nini kabla sijalitazama.